Shilingi 2,500 na Mpangaji Asiyelipa Wala Kuhama

Hebu nikuulize swali moja. Nairobi hii yetu, unaijua keja ya shilingi 2,500 kwa mwezi? Siongelei chumba cha mabati ambacho choo chake kiko ng'ambo ya mtaro. Nyumba ya mawe, yenye maji na stima, mlango unaofungika. Tafuta Kayole, tafuta Kahawa West, tafuta Pipeline. Ukiipata nitumie namba ya keateka, mimi nahamia kesho.

Nauliza kwa sababu sheria ya Kenya inayomlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi, ile Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, imesimama hapo hapo kwa 2,500. Nyumba ikiwa ndani ya kiwango hicho, landilodi hawezi kukupandishia kodi ovyo, na hawezi kukutoa bila kwenda kwanza mbele ya jopo la kodi na kueleza sababu. Ikizidi kiwango hicho, sheria hiyo haikujui. Ni kama uko nje ya geti na askari anakuangalia tu.

Na kila mwezi ukifika tarehe tano, video ni zile zile. Landilodi ameng'oa mlango. Landilodi amepanda juu anatoa mabati na watoto wako ndani. Kesho yake inakuja ya upande wa pili: mpangaji hajalipa miezi saba, hahami, na akiulizwa anacheka. Watu wanagawanyika timu mbili, matusi yanaruka, halafu tunasahau mpaka mwezi ujao.

Mimi naona tunagombania mwisho wa hadithi bila kujua ilianzia wapi. Kwa nini kuna sheria inayomzuia mwenye nyumba kumtoa mtu kwenye nyumba yake mwenyewe? Nani aliileta? Na kwa nini imekwama kwa bei ya zamani hivyo? Twende pole pole, maana mwanzo wake uko mbali na hapa.

Wanawake wa Glasgow, 1915

Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza Julai 1914. Glasgow, kule Scotland, ilikuwa mji wa kujenga meli na kutengeneza silaha, kwa hivyo maelfu ya wafanyakazi walimiminika huko kutafuta kazi. Nyumba hazikutosha. Watu waliishi kwenye magorofa ya vyumba vidogo, familia nyingi kwa ngazi moja, choo cha kushirikiana. Kama unaijua Pipeline, picha unayo.

Wenye nyumba wakaona hapa pesa iko. Wakapandisha kodi. Wanaume wengi walikuwa wamepelekwa vitani, na nyumbani wamebaki wanawake na watoto. Ukishindwa kulipa ile nyongeza, maafisa wa mahakama wanakuja kutoa vitu vyako nje. Mtaa wa Shettleston walijaribu kuitoa familia ya askari aliyejeruhiwa vitani. Yaani mwanamume anapigania nchi, na nchi hiyo hiyo inatupa kitanda cha mke wake barabarani. Majirani wakakataa, wakasimama mlangoni.

Mtaa wa Govan alikuwepo mama mmoja anaitwa Mary Barbour. Hakuwa mwanasiasa wakati huo. Mume wake alifanya kazi kwenye karakana za meli. Yeye na wenzake waliunda kamati kila ngazi, kila uwanja wa nyuma wa kuanikia nguo. Mpango ulikuwa rahisi. Mwanamke mmoja anakaa zamu na kengele. Akimwona afisa anakuja, anapiga. Kila mwanamke anaacha sufuria yake jikoni na kushuka mbio, na kama ana unga mkononi, afisa anamwagiwa unga huo. Ngazi inajaa watu, hakuna wa kupita.

Sasa sikiza sehemu ambayo watu huruka wakisimulia hii hadithi. Wanawake hawa hawakuanza kwa kusema "hatulipi kodi." Walisema hatulipi nyongeza. Kodi ya zamani, ile waliyokubaliana nayo kabla ya vita, walikuwa tayari kuitoa. Madirishani waliweka mabango kuonyesha wamegoma na hawahami. Hawakujificha, hawakuzima simu, hawakuhama usiku na mkokoteni. Jina lao na dai lao lilijulikana na mtaa mzima.

Kufikia Novemba 1915 mgomo ulikuwa umefika takriban kaya 20,000. Tarehe 17 Novemba, wapangaji 18 waliitwa kortini kwa madeni ya kodi. Wengi walikuwa mafundi wa viwanda vya silaha, na wenye nyumba walitaka pesa ikatwe moja kwa moja kwenye mishahara yao. Maelfu ya watu waliandamana hadi mahakamani, wanawake na watoto kutoka mitaani pamoja na wafanyakazi waliotoka karakana za meli. Serikali iliogopa. Vita vinaendelea na wanaotengeneza silaha wako barabarani. Lloyd George, aliyekuwa waziri wa silaha, alitafutwa, na kesi zikaachwa siku hiyo hiyo.

Mwezi uliofuata, Desemba 1915, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia kupanda kwa kodi na riba za mikopo ya nyumba wakati wa vita. Kodi za nyumba za watu wa kawaida zilirudishwa kwenye kiwango cha kabla ya vita. Na ndani yake kulikuwa na kifungu ambacho kwangu mimi ndicho roho ya mambo yote: mahakama haitatoa amri ya kumtoa mpangaji, maadamu anaendelea kulipa kodi iliyokubalika.

Soma tena hapo mwisho. Maadamu analipa. Sheria hiyo ilikuwa mapatano ya pande mbili: wewe mwenye nyumba hutaniongezea wala kunitupa nje, nami sitakula jasho lako. Ukitoa upande mmoja, kinachobaki ni dhuluma, na haijalishi ni nani anayeifanya.

Ilivyofika kwetu

Sasa tuvuke bahari. Mombasa, Julai na Agosti 1939. Wafanyakazi wa serikali, kisha na wa bandari, waligoma. Dai lao la kwanza halikuwa jambo kubwa la siasa. Walitaka posho ya nyumba. Mshahara ulikuwa mdogo na chumba Mombasa kilikuwa ghali, kwa hivyo mtu anafanya kazi mwezi mzima na sehemu kubwa inaishia kwa mwenye chumba. Serikali ya kikoloni iliunda tume kuchunguza, na baadhi ya waajiri wakaanza kutoa posho ya nyumba. Ukiangalia payslip yako leo ukaona mahali pameandikwa "house allowance," kumbuka kuna makuli wa Mombasa waliwahi kuacha mizigo chini kwa ajili ya jambo hilo.

Vita vya Pili vikaanza. Mwaka wa 1940 serikali ya koloni ya Kenya ikatunga sheria ya kuzuia kupanda kwa kodi na riba za mikopo ya nyumba. Jina lake karibu lile lile la 1915. Kile kilichodaiwa na akina mama wa Govan kwa kengele na unga kilifika Nairobi kikiwa kimevaa suti, kimeletwa na serikali ambayo haikuulizwa na mtu. Ikafuata nyingine 1949, halafu ya 1959, na hiyo ya 1959, baada ya kurekebishwa hapa na pale, ndiyo Sura ya 296 tuliyo nayo mpaka leo.

Lakini usidhani Mwafrika wa Nairobi alikuwa amekingwa sana. Wengi walilala kwenye nyumba za waajiri au za kanjo, na ukipoteza kazi umepoteza na kitanda. Wengine walipanga vyumba Pumwani, au Pangani ya zamani kabla haijabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenyeji wake kuhamishiwa Shauri Moyo.

Na hapo kuna jambo linalovuruga picha tuliyozoea. Katika vijiji hivyo vya Waafrika, wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Wanawake waliokuja mjini peke yao, wakafanya kazi za kila aina, wakaweka senti juu ya senti, wakajenga nyumba ya udongo yenye vyumba kadhaa na kupangisha. Landilodi wa kwanza wa Nairobi yetu hakuwa tajiri mwenye kitambi na gari kubwa. Mara nyingi alikuwa mama aliyelala chumba kimoja na kukodisha vingine ili ale. Pangani ilipobomolewa, yeye naye alipoteza kila kitu.

Kwa hivyo tunaposema "landilodi" na "mpangaji" kama Simba na Swara, tupunguze. Hawa watu wamekuwa wakipishana kwenye mlango mmoja tangu zamani.

Namba iliyoganda

Baada ya uhuru, Bunge lilishughulikia maduka haraka. Mwaka wa 1965 ilipitishwa sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, ambayo haina dari kama hii. Ndiyo maana mwenye kibanda cha kinyozi anaweza kuwa na kinga ambayo wewe mwenye bedsita huna. Wa nyumba za kuishi walibaki na Sura ya 296 na kiwango chake.

Ukifungua sheria hiyo leo, utakuta kodi ya kawaida ya nyumba bado inapimwa kwa tarehe 1 Januari 1981. Elfu moja mia tisa themanini na moja! Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, na wazazi wetu walikuwa shule ya msingi. Mwaka huo dola moja ya Marekani haikufika shilingi 11. Hiyo 2,500 ilikuwa zaidi ya dola 200, kodi ya nyumba ya mtu anayejiweza. Leo, dola ikicheza karibu shilingi 130, ni chini ya dola 20.

Hakuna mtu aliyefuta ulinzi wa mpangaji wa Kenya. Hakuna Mbunge aliyesimama akasema tuwaondolee kinga watu wa Kayole. Waliacha tu namba ikae, bei zikapanda kuipita, mpaka wapangaji wengi wakatoka nje ya sheria bila kuhama hata nyumba moja. Mwaka wa 2021 ulipelekwa mswada Bungeni wa kuunganisha sheria zote hizi kuwa moja. Haukufika kuwa sheria.

Na sasa mpangaji asiyetaka kulipa

Najua kuna mtu amekuwa akiningoja hapa. "Sawa, historia tumesikia. Lakini yule jamaa amekaa miezi saba bila kulipa, tumfanyeje?"

Swali hilo nalijua kwa karibu. Shangazi yangu ana vyumba sita. Alivijenga kwa mkopo wa sacco baada ya miaka mingi ya kuuza nguo za mitumba. Mpangaji wake mmoja alilipa vizuri mwaka mzima, halafu akaanza "Mathe, nipe hadi Ijumaa." Ijumaa ikawa mwezi. Mwezi ukawa mitano. Jamaa hakuwa amesota, kwa sababu tivi mpya ilipita mlangoni mchana kweupe. Shangazi alipomwomba ahame, akaambiwa, "Mathe, nenda kortini ukitaka." Na sacco haikuacha kukata kila tarehe thelathini.

Siku moja alinipigia akaniambia ameita fundi aje atoe mlango. Nikamwambia, "Shangazi, hapana." Akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe hata wewe uko upande wake." Sikuwa upande wake. Nilikuwa najua kwamba ukitoa mlango, wewe uliyekuwa unadai unageuka kuwa unayedaiwa. Mpangaji anapiga picha mlango haupo, watoto wanalala baridini, na deni la miezi mitano halizungumziwi tena. Hata Sura ya 296 yenyewe inasema landilodi anayemsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame anatenda kosa.

Njia ya halali ipo. Kama mnalipana kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja. Andika, weka tarehe, mpe mbele ya shahidi. Deni la kodi, sheria ya Sura ya 293 inaruhusu kukamata mali ya mpangaji kupitia dalali mwenye leseni, si kupitia vijana wa kona na rungu. Na mtu akikataa kutoka baada ya notisi, mahakama ndiyo hutoa amri.

Shida ni kwamba njia hiyo ni ndefu, na vyumba vya shilingi 6,000 haviwezi kulipa wakili wa kuitembea. Shangazi alienda kwa chifu. Chifu aliwaita wote wawili, wakaandikishana: jamaa alipe miezi miwili na ahame mwisho wa mwezi. Alihama. Miezi mingine mitatu ilienda hivyo tu. Shangazi anasema alinunua amani. Mimi naona alitozwa faini kwa kufuata sheria.

Msimamo wangu

Nimeona watu wakitumia historia ya migomo ya kodi kumtetea mtu kama yule wa shangazi. Ati "ni upinzani dhidi ya mabwanyenye." Pole, lakini hapana. Mary Barbour alisimama mlangoni kwa ajili ya mtu aliyetaka kulipa bei ya haki. Alisema wazi anachokataa na kwa nini. Mtu anayekula kodi ya mama wa vyumba sita huku akinunua tivi hana uhusiano wowote na Govan.

Lakini pia nimeona watu wakishangilia landilodi anayetoa mabati, na hao nao nawaambia hapana. Mwaka wa 2020 wakati wa korona, watu walipoteza kazi kwa wiki moja. Wengi hawakuwa wakorofi, walikuwa wamefungiwa kazi na serikali ile ile. Milango iling'olewa hata hivyo. Hukuwa na jopo la kwenda kusema "nina nusu, nipe miezi miwili." Ulikuwa na mlango, halafu hukuwa nao.

Watu hawa wawili, mjanja anayejificha nyuma ya sheria na masikini anayetupwa nje, wanaonekana tofauti. Lakini wote wametokana na pengo moja. Pasipokuwa na mahali pa karibu, pa bei nafuu na pa haraka pa kuamua nani ana haki, mwenye nguvu siku hiyo ndiye anashinda. Leo ni mpangaji mwenye mdomo. Kesho ni landilodi mwenye vijana.

Katiba yetu ya 2010 imeweka haki ya nyumba ya kuishi kwenye Kifungu cha 43, na haki ya kumiliki mali kwenye Kifungu cha 40. Zote ziko kwenye sura moja ya Haki za Binadamu, kurasa chache tu kati yao. Kazi ya kuzipatanisha ni ya Bunge, na Bunge limeiachia chifu na fundi wa milango.

Ninachotaka si kigumu. Ile namba ya 2,500 ipandishwe ifike mahali watu wanaishi kweli, na iwe inarekebishwa kila baada ya miaka michache ili isigande tena. Majopo ya kodi yawe kila kaunti, kesi iwe na siku maalum ya kuisha, na mtu aweze kusimama mwenyewe bila wakili. Na kanuni ya 1915 irudi waziwazi: unayelipa hutolewi ovyo, usiyelipa bila sababu huna pa kujificha.

Wakati tunangoja, jilinde. Ukiwa mpangaji na umekwama, usizime simu. Mwandikie mwenye nyumba, lipa kile unachoweza, na uhifadhi kila ujumbe wa M-Pesa. Ukiwa unabishania nyongeza, endelea kulipa ile ya zamani na useme kwa maandishi kwamba unakataa nyongeza tu. Ukiwa landilodi, toa risiti, toa notisi, na uache mlango wa mtu mahali pake. Siku mtafika mbele ya mtu wa kuamua, karatasi hizo ndizo zitaongea.

Halafu Mbunge wako akija mtaani kuomba kura, usimuulize tu kuhusu barabara. Muulize ni wapi Nairobi anapojua nyumba ya 2,500.